Mota Niliyovishwa Shingoni

Bwera, Kasese,
Jumapili, 15 Julai 2018.

Mpendwa Dada Naome,

Kuna neno sijamwambia mtu yeyote, na nisipolitoa leo litanioza tumboni. Roboti ya shule yetu itaungua Jumamosi pale Kasese mjini, mbele ya watu wote. Najua kwa nini itaungua, na dawa yake naijua. Nimenyamaza kwa sababu nataka iungue.

Sasa ndiyo nakumbuka sijakusalimu. Nisamehe. Hujambo, dada yangu? Shemeji Mugenyi hajambo? Na Jolly mdogo, bado anakohoa au ameshaizoea baridi ya Nakuru? Mimi mwili ni mzima. Huku mvua imekatika, kahawa imeanikwa kila ua, na baba mkubwa Byaruhanga ameenda kutazama fainali ya Kombe la Dunia, kwa hiyo nyumba imetulia. Nakuandikia Kiswahili chetu cha kwa mama kwa kuwa humu hakuna wa kukisoma. Crispus mwenyewe hukiokoteza tu sokoni.

Shida ni huyo Crispus. Kwa damu ni kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, na ndiye kapteni wa timu. Roboti yenyewe ni kigari cha magurudumu manne, kila gurudumu na mota yake, na kwenye mashindano inatakiwa ipande ubao ulioinama ikiwa imebeba mawe. Mota za zamani zilipochakaa, Crispus alikwenda soko la Mpondwe, mimi nikimbebea mfuko. Mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa na ndoo nzima ya mota zilizong'olewa kwenye mashine mbovu. Crispus akauliza kama ni za volti kumi na mbili.

"Mutoto, zote iko kumi na mbili," yule mzee akajibu bila kuziangalia. "Kama inazunguka, iko muzuri. Beba!"

Crispus akabeba, na za akiba juu. Hakusoma kibandiko hata kimoja. Vyote vilikuwa vimejaa grisi.

Kwenye karakana ya shule tuliziunga na betri ya volti kumi na mbili ambayo Mwalimu Zedekia aliing'oa kwenye pikipiki yake. Siku hizi anashuka kutoka Kyondo kwa miguu. Magurudumu yakiwa hewani, zilikimbia mpaka wavulana wakapiga makofi. "Hii itapaa!" Kisha Crispus akaniambia nikamate gurudumu moja kwa nguvu, aone kama mota ina ubavu. Nikakamata. Moshi ukatoka. Mwalimu alipoingia kwa ile harufu, Crispus alikuwa ameshaninyooshea kidole: "Mackline ameiua, mwalimu."

Unaukumbuka mfupa? Ule wa ng'ombe, anaovishwa shingoni anayekamatwa shuleni akisema lugha ya nyumbani? Bado upo. Crispus akasema karakana nayo iwe na mfupa wake. Akaifunga ile mota kwa kamba ya katani, akanivisha, niivae kila nikiingia mpaka siku ya mashindano. Mfupa wa ng'ombe angalau unampasia mwenzako akiteleza ulimi. Huu wangu hauna wa kumpasia.

"Habari, Mkono wa Moto!" ndiyo salamu yangu siku hizi. Wengine wananiomba niwawashie sigiri ya makaa. Musoki, tunayekaa dawati moja na kugawana chumvi ya maembe, alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mwalimu Zedekia aliiona mota shingoni kwangu. Akanirekebishia kola ya shati ili kamba isiikunje, akarudi kusahihisha madaftari yake.

Basi mtu aliyeinamisha kichwa siku nzima anaona nini? Anaona mota. Nikawa naisugua kwa kidole na mate, grisi ikatoka, maandishi yakatokea. Volti sita. Walipokwenda kula nikazigeuza zilizobaki: zote hivyo hivyo. Betri ile inazilisha mara mbili ya kile zinachoweza kumeza. Zikiwa hewani zitaruka kama mbuzi aliyekata kamba, ila zikibebeshwa mawe kwenye mwinuko zitajipika. Na hawajawahi kuzibebesha, wamelewa mbio zake.

Dawa ni kuziunga mbili mbili, moja ikifuata nyingine kwenye waya mmoja, zigawane zile volti. Roboti itatambaa, lakini itapanda.

Nilijaribu kusema, Dada. Unajua kusema kunavyonipa taabu. Nikasema, "Crispus, hizi mota..."

"Mota yako iko shingoni," akanikata. "Zetu hizi usizitazame, utaziunguza kwa macho."

Wakacheka. Musoki akachelewa kunyamaza kuliko wote.

Nikafunga mdomo. Ukimya huu niliozaliwa nao kama kilema, safari hii nimeushika kama fimbo. Nikiwa nafua, nikiwa nateka maji, naiona Jumamosi: Crispus na shati lake la pasi, baba mkubwa kiti cha mbele, moshi. Kila mmoja nimempangia machozi yake, hata mwalimu. Leo kanisani tuliambiwa tuiombee timu. Nilifumba macho nikaomba moshi.

Usinichukie. Au nichukie kidogo, halafu uniandikie. Msalimie shemeji, mbusu Jolly kwenye yale mashavu yake, na Mungu awafunike huko kwa shuka zito kuliko letu.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyojua kusema,
Mackline Kukunda

Dada, nilikuwa nimeshamaliza. Crispus aliileta roboti nyumbani kuipaka rangi, sasa nasikia anaipakia mawe barazani. Inanguruma. Inapanda ubao. Imenyamaza.

Ile harufu imepita chini ya mlango.

Nyayo zake hizo, zinakuja huku. Zimesimama. Anabisha! Tangu nihamie nyumba hii Crispus huusukuma tu mlango.

"Mackline? Mackline, uko?" Sauti ndogo, kama yangu.

Karatasi naificha chini ya godoro. Mota nimeitoa kwenye mkoba, naivaa mwenyewe, kibandiko mbele. Akitaka dawa, ainame aisome hapa.