Sweta ya Nyuma ya Mlango

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji, na wasusi wenzako wote wa pale saluni. Sisi huku hatujambo. Pacha wameng'oka meno ya mbele kwa mpigo mmoja, sasa wanaongea kama vizee vibogoyo. Hali yako je? Najua kila barua huuliza hivyo, lakini safari hii nauliza kwa kumaanisha.

Tangu tumzike Bibi, nyumba imepoa. Pasi yake ya mkaa iko juu ya kabati, na wateja bado wanakuja dirishani na mafurushi yao, kisha wanakumbuka kwamba dobi wao hayupo, wanageuza bila hata kuaga. Mimi nami hujikuta namtengea chai. Nimeukumbuka hata ugomvi wake, alivyokuwa akituita wake wenza na kudai tumemnyang'anya mume, ilhali Babu alifariki kabla hatujazaliwa.

Pua yake huwezi kuwa umeisahau. Hakuloweka nguo kabla hajanusa kola. Yule muuza nyama, Bibi alimwambia kwamba shati lake limechacha, akapimwe. Yule bwana akacheka sana, akauliza dobi kawa daktari tangu lini. Mvua hazijaisha tukamzika. Mama wa duka la vitambaa yeye alisikia, akaenda mapema, na mpaka leo anadunda. Mficha maradhi kifo humuumbua, Bibi alikuwa akisema, halafu anaendelea kufikicha kana kwamba ameongelea sabuni.

Sasa nikueleze jambo la siku ile aliyotutoka. Wewe ulikuwa umekwisha ondoka asubuhi kurudi kazini. Nilimpelekea kitandani kapu la nguo chafu azichambue, nyeupe kando na za rangi kando, maana unajua hakukubali kukaa bure hata aliposhindwa kuinua kikombe. Akachambua vizuri hadi alipoifikia ile sweta ya kijivu inayotundikwa nyuma ya mlango wake. Akainusa kola. Akarudia. Nikamtania, nikamuuliza kama amemkamata mwizi. Hakucheka. Akaisukuma chini ya mto, akasema imechacha. Nikamuuliza ni harufu ya nani. Akanitazama, akautazama mlango uliotokea wewe, kisha akanirudia mimi. Adhuhuri akawa amekwenda.

Usiniambie ilikuwa harufu yake mwenyewe. Sufu ilimwasha, hakuivaa hata siku moja. Tuliivaa sisi, yeyote aliyeamka alfajiri na baridi ile kwenda kumgeuza.

Msibani sikukwambia kitu kwa sababu nilijua ni mimi. Nani mwingine, na kikohozi changu hiki? Nikaogopa peke yangu, nikaanza hata kufikiria nani atawalea pacha, nikakuchagua wewe. Mwisho nikapiga moyo konde nikaenda hospitali. Walinipima damu, walinipiga picha ya kifua, walinibonyeza kila mahali. Juzi daktari akaniita, akaniambia sina ugonjwa, kikohozi ni cha vumbi tu.

Mdogo wangu, nilifurahi. Sikufichi, nilitoka pale nacheka mwenyewe, nikawanunulia pacha machungwa, nikawasalimu njiani hata watu nisiowajua. Nilipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi nimpe habari, kana kwamba yupo. Nikafunga mlango nyuma yangu, nikauona msumari mtupu. Hapo ndipo nikapiga hesabu. Sweta ile tuliivaa wawili tu, mimi na wewe.

Nenda hospitali. Usingoje likizo, usingoje mwisho wa wiki, na usiniambie unajisikia vizuri, kwani muuza nyama naye alijisikia vizuri. Huenda Bibi mara hii alikosea. Naomba awe amekosea, nije nimcheke mpaka kaburini kwake. Sweta iko palepale chini ya mto, sijathubutu kuifua.

Nisamehe kicheko kile. Pacha wanakusalimu, wanauliza shangazi zao mbona hawaleti biskuti kama mama yao mdogo. Niandikie upesi kwamba u mzima, na safari hii usiandike kwa mazoea.

Ni mimi dada yako,
Mama Pacha