Safari Hii Wanaenda Wote Wawili

Dada Wambui,

Nimeshindwa kunyamaza, lazima wewe uwe wa kwanza kuambiwa. Watoto wako wanaenda chuo. Wote wawili! Nyokabi na Githinji, mwaka mmoja, na hakuna atakayebaki nyumbani.

Sheria mpya ya mikopo ya wanafunzi imepita Bungeni. Niliisikia kwenye redio ya saa saba mchana, pale shuleni Ruring'u ninapofundisha, nikapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja mbio akidhani kuna moto. Riba imepunguzwa, mtoto anaanza kulipa akishapata kazi, na hawataki tena hati ya shamba. Wanataka mdhamini tu. Na shamba letu, unajua, hati yake hadi leo tunaisikia tu.

Tulikuwa tumefika pabaya, dada. Jumamosi ya kabla ya habari hiyo tuliketi kwa Baba, Kangema, barua mbili za chuo mezani, na pesa za kuuza chai za kutosha mtoto mmoja. Baba akakohoa. Kabla hajasema neno, Nyokabi akasema, "Githinji aende. Mimi niko na mikono."

Hayo ni maneno yako, na mimi sikuwahi kumsimulia mtu. Uliyasema mwaka ule barua zetu za chuo zilipofika siku moja. Ukaikunja yako, na asubuhi ukajitwika kikapu ukaenda kuchuma chai. Mimi nikaenda chuo. Tena nilienda nikiimba, Mungu anisamehe. Nilipokuja likizo nikajaribu kukusaidia, ulinicheka: "Ati mwarimu, hiyo ni chai ama ni maua unachuma?" Nakukumbuka sana, dada, tangu tulipokuzika. Kicheko chako nakikumbuka zaidi.

Basi juzi tulijaza fomu. Kila mwanafunzi na mdhamini wake, mtu mmoja haruhusiwi kuwadhamini wawili. Nilishaamua moyoni kwamba Nyokabi ni wangu, kwa sababu ni wewe mtupu, hata ubishi wake. Lakini Baba akanyoosha mkono. "Hiyo ya msichana lete hapa," akasema.

Unajua Baba hajui kuandika. Nilimshika kidole gumba nikakipaka wino. Akakikandamiza kwenye karatasi muda mrefu mno, nikaogopa alama itaharibika na fomu ikataliwe. Haikuharibika. Halafu, bila kuniangalia, akauliza, "Ile barua ya Wambui, ilikuwa ya kusomea nini?"

Wambui, hakuna anayejua. Uliikunja, na katika nyumba nzima hakuna aliyekuomba aisome. Miaka yote hiyo nilikula ugali wako, nikavaa sweta uliyonifumia, na sikuwahi kukuuliza ulitaka kuwa nani. Baba alilia. Nami nililia, huku watoto wako wakicheka na kurukaruka uani, kwa kuwa furaha yao haikuweza kutungoja.

Pumzika sasa, dada yangu. Jumatatu nitawapeleka mwenyewe, sanduku moja kila mkono. Na nakuahidi hili: kila likizo nitamketisha Nyokabi nimuulize anasoma nini, anielezee yote, hata nisiyoyaelewa, mpaka achoke nami.

Ndugu yako,
Mwangi