Perege Mwenye Matubwitubwi

Wifi yangu Anjelina,

Huku Mtwara jua linachemsha hata maji ya kunywa, lakini mimi na kaka yako tu wazima. Jana tulikwenda karibu na mto Ruvuma, kwa Mama Fatu, mkulima mwenye asili ya Msumbiji. Tukaingia kijitoni kuvua perege wadogo wa mboga. Mmoja alikuwa na mashavu yamevimba, na ugali niliomtupia ndooni hataki hata kuutazama. Nikasema huyu ana matubwitubwi! Nikakwangua masizi ya sufuria nimpake, kama tulivyopakwa sisi utotoni.

Kumgusa tu, akatema watoto! Ndoo ikajaa vitoto kama punje za mtama, macho na mkia tu. Nikapiga yowe, kaka yako akatimua mbio akaacha ndala. Mama Fatu alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyo analea, mwanangu. Anawafuga mdomoni, na hali kitu mpaka wapate akili. Hapa hatuli mzazi. Mrudishe mwenyewe, pale pale ulipomtoa."

Tulipotulia, yule perege akaachama na watoto wote wakarudi ndani. Nikamrudisha kijitoni na masizi yake shavuni, hamu ya samaki ikatuisha, sisi tukala mchicha.

Nilikukumbuka sana, wifi. Siku zote hizo mdomo umefungwa! Wanao wangemwagika wote kabla hujamaliza kumsalimia jirani. Nibusie hao watoto, na umshukuru Mungu aliyekupa mgongo na khanga.

Wifi yako akupendaye,
Rehema