Msumeno wa Abowe na Wangu

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya sita, mathenge tena, ile miti ya miiba iliyoziba kila njia. Pamoja na vibarua wachache tunafungua njia ya mbuzi kutoka Bura kwenda mtoni, mimi na kaka yangu mkubwa, Abdi. Namwita abowe, kama kila kaka mkubwa anavyoitwa kwetu. Miiba imeniingia mpaka kwenye kucha.

Msumeno wangu wa injini ni mzee, mzito, chuma kitupu. Ni wa watu ambao kukata miti ndiyo kazi yao. Aliniuzia fundi wa mbao aliyekuwa anarudi Meru. Vuta kamba mara mbili, unanguruma. Wa abowe ni mpya, wa plastiki, mwepesi kama birika. Boksi lake limeandikwa ni wa bustani ya nyumbani. Bustani! Nani ana bustani huku? Leo alivuta kamba mpaka akaitukana injini kama mtu.

Naandika Kiswahili kwa sababu yeye hakisomi. Kwa hiyo naweza kusema ukweli: ananiudhi.

Jumatano, 5 Februari

Cheni yake imelegea mara nne kabla ya adhuhuri. Injini inachemka, inazima, tunangoja ipoe. Wangu ulipita shina nene kama paja na sauti haikubadilika.

Aliniomba tubadilishane. Nilikataa. Mwaka jana aliushusha wangu mchangani, meno yote yakafa. Nikamwambia mbele ya vibarua wote kwamba aliyenunua rahisi ale rahisi. Walicheka. Yeye aliinama kukaza cheni. Nilifurahi, nisidanganye.

Halafu ile breki yake. Ni kile kikinga kilicho mbele ya mkono, cha kusimamisha cheni msumeno ukiruka. Kwenye msumeno wake, tawi likikigusa tu, kinaanguka na cheni inasimama. Kata, simama, kata, simama. Aliutupa chini kwa hasira. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaivuta breki nyuma, nikaifunga ikakaza. Kwenye mathenge kila mtu anafanya hivyo. Wangu sijaufunga, hauna kero hiyo. Akanishukuru. Alikata mpaka jioni bila kusimama.

Alhamisi, 6 Februari

Damu.

Ncha ya msumeno wake iligonga shina la pili nyuma ya lile alilokuwa anakata. Ukaruka usoni kwake. Akaukwepa. Mkono wa kushoto ukateleza, wa kulia ukabaki umebana kitufe cha mafuta. Ukashuka kwenye mguu wa kushoto cheni inazunguka. Chini ya goti. Nilisikia sauti ikibadilika, kutoka mbao kwenda mfupa. Ile sauti sitaiandika.

Nilirarua kikoi changu nikamfunga paja. Nyama ilikuwa imechanika vipande vipande, na vumbi la mathenge ndani. Tulimlaza nyuma ya pikapu. Njia nzima hadi Garissa nilikuwa nimekalia paja lake kwa uzito wangu wote ili damu isitoke. Alinipiga ngumi za mgongo. Nilimwacha anipige.

Jumamosi, 8 Februari

Wameukata mguu. Daktari alisema mfupa ulisagika, hakuna cha kushona. Abowe hajauliza uko wapi.

Nataka kuua mtu. Nimeandika hivyo na nakusudia hivyo.

Jumapili, 9 Februari

Nilikwenda dukani kwa Guled, aliyemuuzia abowe ule msumeno. Nilibeba msumeno vile vile ulivyo, haujaoshwa. Nikauweka juu ya meza yake, nikamwambia umemla ndugu yangu. Akaanza kusema aliwaeleza wateja wote kwamba mashine hii ni ya matawi madogo. Sikumngoja amalize. Nilimpiga puani. Akaanguka juu ya majembe. Nilimfuata chini, nikampiga mpaka mkono wangu ukavimba. Wateja wawili walinivuta, nikamng'ata mmoja. Ndiyo, nilimng'ata.

Guled alisimama. Kanzu yake nyekundu kifuani. Hakupiga kelele. Aliugeuza msumeno polepole, akaweka kidole kwenye tyubu, nyeusi kwa damu iliyokauka.

"Hii mpira nimeuza mimi?"

Nikampiga tena. Ngumi zile za kwanza naweza kuzieleza kwa watu. Hii ya mwisho siwezi.

Jumanne, 11 Februari

Wazee wa kwetu na wa kina Guled walikuja hospitalini. Walitaka kujua kosa ni la nani, kwa sababu damu mbili zimemwagika. Wakamuuliza abowe nani alifunga breki. Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha.

Abowe akasema, "Nilifunga mwenyewe."

Wazee wakageuka kwangu kwa habari ya pua ya Guled, wakasema nitamwomba radhi. Nikasema sawa. Hayo tu ndiyo yaliyonitoka. Nimekata miti miaka kumi na mmoja, nimepigana na watu wazima, na leo nimekuwa mwoga mbele ya mtu mwenye mguu mmoja.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi nilimwomba Guled radhi. Nikamwambia, yeye na wazee wake, kwamba ule mpira niliufunga mimi. Alinitazama, akanipa mkono. Pua yake imekaa upande.

Kisha nikaenda kwa abowe. Nilianza kumwambia samahani. Akasema adhana imekaribia, nimmiminie maji atawadhe.

Nikashika birika na beseni. Viganja. Akasukutua. Uso. Mikono mpaka viwikoni. Akapaka kichwa. Nikamwosha mguu wa kulia mwenyewe, kati ya vidole, taratibu, kwa sababu bado hawezi kuinama. Kisha mkono wangu ukaenda kushoto bila mimi kuuambia. Ukashika shuka.

"Imeisha, Dahir," akasema. "Nigeuze."

Nikamgeuza kuelekea kibla.