Kifuniko cha Kisanduku cha Shibukawa

Noriko usinipigie, nitatukana. Nimetoka chamani kwetu sasa hivi, kwa wakaguzi wenzangu wa vitu vya kale.

Yule nyoka Shibukawa kaleta kikinga mkono cha upanga, cha chuma, kimefungwa kitambaa tu. Akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, hiki ni cha kale?"

Nikakicheka. Nikasema kutu hii imepakwa juzi, hata mtoto hadanganyiki.

Akatabasamu. Katabasamu, Noriko. Kisha akatoa begini kisanduku cha kikinga hicho.

Kwenye kifuniko, pale tunapoandika hukumu zetu, pana wino: "Kazi halisi, miaka mia nne." Mwandiko wangu. Muhuri wangu. Wa mwaka juzi.

Akauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, kati yenu wawili nimwamini yupi?"

Nimekimbia hadi stesheni na viatu vyake, nilivyovaa kimakosa pale mlangoni tunapovua. Sivirudishi.

Na yupi wa kuaminiwa, mimi wa leo au wa mwaka juzi, hata mimi sijui.