Sarafu Thelathini na Moja Zilizosuguliwa kwa Majivu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nazire Arpacık. Umri: miaka 58. Kazi: mkulima wa zeituni na mpika sabuni. Makazi: kijijini, Samandağ.
Yameandikwa tarehe 13 Novemba 2019, saa 3:20 asubuhi.

Mimi ni mke wa Zeki Arpacık, mliyemweka mahabusu tangu juzi.

Mnamo tarehe 9 Novemba, Jumamosi, saa nane mchana, mume wangu alikuwa akichimba shimo la mche wa mzeituni, jembe likavunja mtungi. Ndani mlikuwa na sarafu thelathini na moja za fedha, nyeusi tii. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili mungu wao ameketi na mshale. Huku kila mtu anazijua, ni za wale wafalme wa Kiyunani waliojenga mji wa Antakya.

Münir, mdogo wake mume wangu, alikuwepo, akamcheka. Alimwambia, "Kaka, ukizipeleka serikalini utarudi na pingu." Mume wangu alijibu kwamba sheria inatupa siku tatu za kutoa taarifa, na yeye si mwizi. Kesho yake ofisi zilifungwa, tukangoja.

Jumapili hiyo, saa nne asubuhi, mume wangu, Baba Fadil, alikwenda kuchuma zeituni. Nikaziona zile sarafu mezani, nikaona aibu. Kwetu hakitoki kitu kwenda kwa watu kikiwa kichafu, hata sufuria ya kuazima hurudi inang'aa. Nikazisugua kwa majivu, limau na sabuni yangu ya mlauri, moja moja, mpaka jioni. Zikang'aa. Wafalme wengine pua zilifutika. Aliporudi alizitazama, akasema tu, "Mikono yako ibarikiwe, Mama Fadil."

Jumatatu saa tatu asubuhi tukazipeleka makumbusho. Afisa aliyezipokea alikunja uso. Alisema zimeharibika, na kwamba anayesafisha sarafu ni yule anayetaka kuziuza. Akauliza, "Nani amezisugua?"

Nilifungua kinywa. Mume wangu akanitangulia. "Mimi," akasema, huku akinikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunanitafuna mpaka sasa.

Afande, nimeishi naye miaka thelathini na minne. Hajawahi kuosha hata kikombe chake cha chai. Mliamini vipi? Jana Münir alipita mlangoni kwangu akaniuliza kama zawadi ya serikali kwa waokotaji imeshafika. Katika ukoo ule mmoja tu ndiye aliyefuata sheria, na ndiye mliyemfungia.

Nilizisugua mimi. Mtoeni, niingie mimi.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na kuyaona mwenyewe. Nimesomewa, nimeyakubali.

Alama ya dole gumba: (haikusomeka)

Maelezo ya askari: Shahidi hajui kusoma, nimemsomea neno kwa neno. Dole gumba la kulia limechubuka, alama haikushika. Nimejaribu la kushoto, kisha vidole vyote, ni vile vile. Alama za mtuhumiwa nilizichukua mwenyewe siku ya Jumatatu. Zilitoka safi, vidole vyote kumi.

Sajini Orhan Tekeş