Mlima Uliouwekea Nadhiri

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo huko uliko. Kaa vizuri kwanza, maana ninalokuandikia leo ungelikuwepo ungelishika mbavu.

Unaikumbuka wodi ile ya Dar es Salaam, saratani ya damu iliponilaza hata kijiko sikiwezi? Ulikuwa ukilala sakafuni juu ya kanga, ubavuni mwa kitanda changu. Siku daktari aliposema huenda nisisimame tena, uliinua mikono ukaweka nadhiri mbele ya wagonjwa wote: "Mola akiniponyea Rukia wangu, atapanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, na watoto washibe." Yule muuguzi wa Moshi, aliyetuchosha kwa sifa za Kilimanjaro, akaitikia amina kuliko wote.

Nikapona, mama. Ukanifundisha kutembea upya pale wodini, umenishika kiuno, huku ukinigombeza: "Taratibu weye! Enda kama uliyechukua chungu cha mchuzi wa watu." Tukarudi kisiwani kwetu, kijijini Wambaa. Kisha presha ikakuchukua wewe uliyekuwa mzima, na nadhiri ikabaki haijaondolewa. Ilininyima raha. Uliahidi kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyebaki na miguu.

Basi niliposikia kuna watu wanapanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za matibabu ya watoto wenye saratani, nikajiandikisha. Nilijua watoto uliowataja ni wale wa wodini. Mimi huyu, niliyezaliwa kwenye kisiwa ambacho baridi yake ni ya kujifunika kanga moja! Niliazima makoti, nikavaa soksi juu ya soksi. Nilitapika, nikalia, nikamchukia kila aliyeniambia nimebakiza kidogo. Waongozaji wakisema "polepole", mimi nakusikia wewe na chungu chako. Kileleni nikapiga kelele, "Mama, nadhiri yako hiyo!" Michango ilipatikana, na watoto wanatibiwa.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Dada yako, Bi Mize, akanitazama hata chai ikampoa mkononi.

"Kilimanjaro? Mamako akiujulia wapi huo? Mlima wake ni huu wa kisimani, ulikoanguka na ndoo ulipoanza kuumwa. Na watoto ni hawa wa hapa kwetu!"

Nilicheka mpaka nikalia. Wa kisimani, mama! Kilima ambacho mbuzi wanakipanda huku wakitafuna.

Ijumaa tukapika pilau, tukaipandisha huko, watoto wote wa jirani nyuma yetu. Utaamini kwamba nilihema? Walikula mpaka wakalamba vidole, kisha wakakuombea dua. Sauti zao zilikuwa nzito kwa shibe.

Tulipokuwa tukikusanya sinia, Bi Mize akaniuliza mlima upi ulikuwa mgumu. Huu wetu, nikamwambia. Kule Kilimanjaro nilijua tangu chini kwamba hupo. Hapa nilifika juu, nikageuka, nikasimama kukungoja.

Pumzika sasa, mama. Nadhiri yako imeondoka, na kwa usalama zaidi tumeiondoa mara mbili.

Ni mimi mwanao,
niliyepanda kwa miguu yangu mwenyewe.